Mwaka wa Sahani Iliyofunikwa

Niliondoka Kangemi asubuhi moja ya Februari bila mpango wowote. Sikuwa nimefukuzwa, wala sikuwa nimegombana na mtu. Niliamka, nikakunja blanketi, nikatia mashati mawili na redio ndogo ndani ya mfuko, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo wake kwenye dirisha, nikaanza kutembea kuelekea mjini kwa sababu huko ndiko watu wengi walikokuwa wakielekea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimeosha magari, nimepaka rangi nyumba za watu, nimechimba mitaro ya maji, na kila mahali nilikaa mpaka siku nilipojua kila kitu kinavyofanyika, kisha nikaondoka. Nilisoma chochote kilichoandikwa, hata gazeti lililofungia nyama. Na nilikuwa na tabia moja ambayo sikuwahi kumwambia mtu: nilitembea ukingoni mwa njia na kulala ukingoni mwa kitanda, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Mwenzangu huyo sikumjua. Nilimwachia tu.

Mwezi uliopita Njoki, binti wa mama aliyenipangisha chumba Riruta mwaka ule, alinipigia simu kutoka Nakuru, baada ya miaka mingi, kunieleza kwamba mama yake amefariki. Nilimpa pole kama inavyopasa, kisha akauliza jambo lililomfanya anitafute. Alikuwa anaandika kijikaratasi cha mazishi, kile cha picha na historia ya marehemu, na amekwama kwenye mstari wa kwanza. "Karani," akasema, maana hilo ndilo jina walilonipa mwaka ule, "niandike alikuwa mke wa Kamau, ama niandike walitengana? Wewe ndiye ulijaza ile fomu. Uliandika nini?" Nilimwambia nitampigia jioni. Kisha nikakaa na simu mkononi, na chumba chote kikanukia wino wa zambarau.

Asubuhi ile ya Februari miguu ilinifikisha katikati ya jiji, kwenye kibaraza kando ya ofisi ya kodi, ambapo watu wanne au watano walikuwa wameweka meza ndogo na mashine za kupiga chapa. Walijazia wengine fomu. Mmoja wao alikuwa Akinyi, mwanamke mpana wa Siaya mwenye sauti ya kuuza samaki, na siku hiyo alikuwa ameumia mkono. Aliniona nikisoma tangazo la ukutani kutoka juu mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyasoma.

"Wewe, unasoma hiyo kitu kama barua ya mapenzi. Unajua kuandika?"

"Najua."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili."

"Inatosha. Hawa wenye digrii wananiletea fomu imejazwa vibaya kuliko wote. Keti hapa, karani."

Nikaketi. Kazi niliipenda, kwa sababu fomu ni maswali, na mimi maisha yangu yote nimependa kuuliza. Palikuwa na swali moja lililowafanya watu wazima watazame pembeni. Siku hizo, mke aliyeishi na mume wake, mapato yake yalihesabiwa kuwa ya mume na yaliandikwa katika fomu ya mume. Mke aliyeishi mbali na mume, kwa amri ya korti, au kwa mkataba wa maandishi, au kwa namna iliyoonyesha kwamba hawatarudiana, alijaza fomu yake mwenyewe. Visanduku viwili. Ungedhani ni swali rahisi. Lakini mume yuko Mombasa kikazi miaka minne, je? Mume analala kwa mwanamke mwingine lakini analeta unga, je? Akinyi alinifundisha njia yake. "Usimuulize mtu kama ameachika, atakutukana. Usimuulize wanalala wapi, hiyo si kazi yako. Uliza kama sahani ya mzee inafunikwa. Kama bado anapakuliwa chakula na sahani inafunikwa na nyingine, hao wanaishi pamoja, weka alama, mwite anayefuata." Niliiona ni hekima kubwa. Niliitumia kwa watu wengi, na haikunikosesha mpaka Mama Njoki alipokuja.

Alikuja mwezi wa Machi, amevaa sweta ya kahawia na kitambaa kichwani. Alikuwa fundi wa kushona mashuka katika hospitali kubwa kule Upper Hill, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama pembe. Huko Riruta alikuwa na ploti, vyumba sita vya mabati alivyojenga na mumewe, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyomleta. Nikamuuliza swali langu.

"Mama, mzee anapakuliwa?"

"Kila siku."

"Na sahani inafunikwa?"

"Sasa kijana, nitaiacha nzi waingie?"

Nikaweka alama: wanaishi pamoja. Nikaandika vyumba vyote katika fomu ya mume, Kamau, na nikamwambia Mama Njoki ampelekee aweke sahihi. Akasema mzee hakusoma, huweka kidole gumba. Akaikunja fomu vizuri, akaniuliza nalala wapi. Nilikuwa nikilala sakafuni katika ofisi ya rafiki. Akasema ana chumba kitupu kinachopakana na nyumba yake. Nikahamia Riruta siku hiyohiyo.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na kati ya ukuta wake na wangu palikuwa na mbao tu. Mezani palikuwa na viti viwili. Kwenye dirisha palikuwa na nyundo, imelala juu ya kipande cha gazeti, na hakuna aliyeigusa. Siku ya kwanza alinikaribisha chai na viazi vitamu, na nikaona sahani imefunikwa upande wa pili wa meza. "Ya Baba Njoki," akasema. Nikauliza anarudi saa ngapi. Akatazama sahani ile kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala, akasema, "Huyu harudi. Huyu yuko."

Majirani ndio walionieleza. Kamau alitoka asubuhi moja, miaka minane iliyopita, kwenda kununua misumari ya kuezekea chumba cha sita. Hakukuwa na ugomvi. Aliweka nyundo dirishani, akasema anakuja sasa hivi. Watu wa kanisani walisema walimwona Kitisuru, kwa matajiri, akitunza maua. Mama Njoki hakwenda kumtafuta. Nilipomuuliza sababu, alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Nikienda nimkute huko, nitakuwa nimejua hayuko hapa."

Na mimi ningesema ni huzuni tu ya mwanamke mpweke, kama si ile Jumapili ya Juni. Unajua Juni ya Nairobi: jua halitoki, mawingu yanakaa juu ya mabati mchana kutwa, na sauti zote zinakuwa karibu. Kabla ya kwenda kanisani, Mama Njoki alipakua githeri na kipande cha nyama, akafunika sahani, akaiweka fomu chini yake, na kando akaweka ile pedi ya wino wa zambarau aliyotumia kugongea mhuri risiti za wapangaji. Akafunga mlango kwa kufuli kutoka nje. Mimi nilikuwa nafua nguo kwenye mfereji, hatua kumi kutoka mlango ule, na sikuondoka pale hata kidogo. Karibu saa sita nikasikia kijiko kikigusa sahani. Nikaacha kufua. Kikagusa tena, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Kisha mtu akakohoa, mara mbili, kikohozi cha mwanamume mzee, kikavu. Povu lilikuwa likinikaukia mikononi. Nilisogea mpaka kwenye mlango, nikashika kufuli. Lilikuwa limefungwa, na lilikuwa baridi.

Mama Njoki aliporudi alifungua, akaniita chai. Sahani ilikuwa na mfupa tu. Kwenye fomu palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau, bado haijakauka. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaipuliza. "Kila mwaka," akasema. Ningeweza kusema aliweka kidole chake mwenyewe kabla ya kuondoka. Nilijisemea hivyo. Lakini wino wa asubuhi haukai mbichi mpaka saa saba.

Jumatatu tuliipeleka ofisi ya kodi. Kwenye dirisha alikuwa binti mmoja mpole mwenye miwani. Aliitazama ile alama, akasema kidole gumba kinahitaji shahidi. "Nani alimwona akiweka?"

Mama Njoki akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Basi mama, kuja na yeye hapa, aweke mbele yangu, haichukui dakika. Ama kama hamuishi pamoja, hakuna shida, jaza yako mwenyewe, uandike hapa kwa mkono wako kwamba hamtarudiana. Bado mko na siku tisa."

Alituambia kwa heshima, na alikuwa na haki. Lakini Mama Njoki alitoka pale akitembea kama mtu aliyeambiwa achague mtoto wa kuokoa. Tuliketi kwenye meza ya Akinyi. Akinyi akageuza fomu huku na huku.

"Mama, mimi nitakwambia ukweli. Hapa kuna visanduku viwili. Hakuna ya tatu ya watu wako hivi."

"Nikiandika hatarudi," Mama Njoki akasema, "huyu anayekula kwangu ataenda wapi?"

Akinyi, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akaanza kusafisha mashine yake kwa kitambaa. Baadaye aliniambia pembeni, "Hiyo swali yangu ya sahani ni nzuri, karani, lakini ulifaa kuuliza kama kuna mtu amewahi kumwona akikula." Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na mimi ndiye niliyepaswa kulirekebisha. Nikasema nitaenda Kitisuru.

Nilitembea kutoka Westlands. Kule hakuna watu barabarani. Kuna ua mrefu, mbwa usiowaona, na maji yakitiririka mahali fulani ndani. Niliuliza kwenye mageti matano. Kwenye la sita mlinzi alicheka. "Mzee wa maua? Huyo yuko, na bibi yake. Zunguka nyuma." Sikuelewa vizuri. Nilizunguka.

Kamau alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kofia ya sufu. Alinipokea kama jamaa. Chumba chake kilikuwa kimoja, na nilipoingia nilihisi nimerudi Riruta: meza, viti viwili, sahani iliyofunikwa upande wa pili, na kitanda kilichotandikwa kwa mito miwili. Kwenye kamba ya nguo nje ya dirisha palikuwa na leso ya kijani, ya maua meupe, ikidondosha maji.

"Mama ametoka tu saa hii, anaanika nguo," akasema. "Atasikitika kukukosa. Leo amekula kidogo, kifua kinamsumbua."

"Mama gani, mzee?"

"Mama Njoki. Kwani uko na mwingine unamtafuta?" Akacheka.

Nilichungulia nje. Palikuwa na nyasi zilizokatwa, na leso, na hapakuwa na mtu. Nikamweleza polepole nimetoka wapi na ninataka nini: aje mjini, aweke kidole mbele ya karani wa serikali, basi. Akanisikiliza akitikisa kichwa kama unavyomsikiliza mgeni aliyepotea njia.

"Hiyo fomu si niliweka kidole Jumapili? Mwaka huu inataka mara ngapi?"

"Uliiweka wapi, mzee?"

"Hapa. Mama aliniwekea chini ya sahani." Akanionyesha kidole gumba. Katika mistari ya ngozi, chini ya udongo wa maua, kulikuwa na zambarau. "Mwambie huyo mwanamke wa Riruta amekosea nyumba. Mimi niende wapi, kijana? Mimi niko nyumbani."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka tu kwamba njia nzima ya kurudi nilitembea katikati ya barabara.

Nilimweleza Mama Njoki kila kitu, bila kuficha, kwa sababu sikujua la kuficha ni lipi. Aliniuliza kama amekonda. Akauliza kama anavaa kofia. Kisha akauliza ile leso ilikuwa ya rangi gani. Nilipomwambia, aliinuka, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa chini kabisa ya nguo zote leso ya kijani yenye maua meupe, imekunjwa kwa mikunjo ya zamani. Akanipa niishike. Ilikuwa kavu. Nilipofika kwenye pindo, vidole vyangu vikalowa.

Akaikunja tena ile leso. Nje watoto wa wapangaji walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu. "Basi hivyo ndivyo," akasema mwishoni. "Ndiyo sababu nachoka. Nikiamka asubuhi nimechoka kama mtu aliyefua kwa nyumba mbili." Akakohoa kidogo, akashika kifua. "Yeye yuko na mimi kule, na mimi niko na yeye hapa, na sisi wawili hakuna aliye na mtu. Nipe kalamu, karani."

Alijaza fomu yake mwenyewe. Mimi nilimsomea tu maswali. Alipofika kwenye kisanduku cha pili hakusita. Aliweka alama, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani: TUNAISHI MBALI. HATARUDI. Siku iliyofuata yule binti mwenye miwani aliigonga mhuri bila neno. Jioni hiyo Mama Njoki alipakua sahani moja, akala yote, akaiosha, akaigeuza kwenye kichanja. Nilikaa kwenye chumba changu nikisikiliza ule ukuta wa mbao. Tangu ile Jumapili nilikuwa nikikisikia usiku kikohozi kile, na nilikuwa nimekizoea kuliko nilivyojua. Palikuwa kimya, kimya kama cha redio iliyozimwa katikati ya habari, na kwa siku nne hatukutazamana vizuri, mimi na yeye, kama watu waliofanya jambo pamoja.

Siku ya tano, asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani, nilitoka kuchota maji nikamkuta mtu kwenye geti. Alikuwa na kofia ya sufu. Mkononi alishika mfuko wa karatasi, na ulikuwa umechanika kwa uzito wa misumari.

"Kijana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla, "Mama hayuko kule tena. Nimepakua, nimefunika, hajagusa. Siku nne."

Mama Njoki alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Sijui alisimama tangu lini. Walitazamana. Nilitegemea kilio, au matusi. Miaka minane ni mingi. Yeye alitazama ule mfuko, kisha akatazama paa la chumba cha sita, ambalo mwishowe alilipa fundi kuliezeka.

"Umechelewa, Baba Njoki. Fomu imeshaenda."

"Fomu gani?"

"Nimewaandikia serikali kwamba hatuishi pamoja. Nimeandika na mkono yangu. Unataka nionekane mwongo?"

Mzee akafikiri. Aliifikiria kweli, kama mtu anayepima ubao. "Hapana," akasema. "Si vizuri kudanganya serikali."

"Basi huwezi kuingia hapa kwangu. Lakini niko na chumba." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili nikamwona akitabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja. "Karani, wewe si ni mtu wa kuhamahama?"

Nilikunja blanketi. Mashati mawili, redio. Nilipotoka mzee alikuwa ameketi juu ya kitanda changu, kofia magotini, akitazama ukuta wa mbao, na upande wa pili nilisikia vyombo vikigongana na mtu akipiga kikohozi kikavu, cha mwanamke safari hii. Mzee akainua kichwa. Nje ya mlango wake palikuwa tayari na sahani, imefunikwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi, Njoki aliniambia kwenye simu ile, mpaka mzee alipofariki: miaka mingi, ukuta katikati, kila mmoja na mlango wake, kila mwaka kisanduku kilekile cha pili. Lakini sahani mzee aliifuata mwenyewe, na aliirudisha imeoshwa, na aliyeiona ikitoka na aliyeiona ikirudi walikuwepo, ploti nzima. Jioni nilimpigia Njoki kama nilivyoahidi. Nikamwambia mama yake aliandika kwamba baba hatarudi, na yule aliyeandikwa kweli hakurudi. Aliyekuja ni mwingine, mwenye misumari. Nikamwambia aandike mke wa Kamau, bila kitu kingine.

Siku ile niliyoondoka Riruta nilitembea hadi miguu ikakataa. Nilipita Dagoretti, nikapanda kilima, nikafika mahali ambapo sikujua jina lake, penye maduka matatu na kanisa la mabati, na saa kumi jioni mwanamke mmoja aliyekuwa akipura maharagwe akaniambia chumba kipo. Kilikuwa kidogo na kisafi. Alitoa daftari la wapangaji, akalamba ncha ya penseli.

"Jina?"

Nikamwambia.

"Mko wangapi?"

Nilikuwa nimewaona watu wengi kwenye kile kibaraza wakikwama kwenye swali la namna hii, kalamu juu, macho pembeni, na niliwacheka moyoni kwa sababu niliona jibu ni rahisi. Sasa mimi ndiye niliyetazama pembeni. Mama yule akaangalia nyuma yangu, kwenye njia, kwa adabu, kama anayengoja mtu mwingine amalize kufunga geti.

"Andika mmoja," nikasema.

Akaandika. Alipoondoka niliweka mfuko chini, nikafunga mlango, nikaketi kitandani, ukingoni, kama kawaida yangu. Nikasikiliza. Halafu, taratibu, nikasogea katikati, na hapakuwa na mtu wa kumwomba anipishe.